Konokono Wenye Mstari Wangu

Jumatano, 2 Aprili

Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke mmoja, kaka wawili, mabosi watatu na ngazi nne. Ngazi zote zilivunjika nikiwa juu. Mimi bado nipo. Daktari aliyenikataza kupanda ngazi, naye nimemzika.

Shule nilipita tu, kama mtu anayekatiza uwanja wa watu. Lakini herufi nazijua kuliko walimu, maana nimeziandika ukutani kwa brashi, kubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Nusu ya maduka ya mji huu yalipata kujulikana majina kwa sababu yangu. Mimi ni mpaka rangi! Ndani, nje, dari, mabango, hospitali mbili. Leo naandika kwa kalamu. Kalamu ni brashi yenye njaa.

Sababu ya kuandika ni binti yangu, kitindamimba. Ni mwanasayansi. Nimewaambia watu wote. Wengine nimewaambia mara mbili. Amekuja kikazi na analala kwangu, chumba cha nyuma. Kila jioni anakaa mezani anaandika aliyoyaona mchana. Nikaona haya kukaa mbele yake mikono mitupu, nikachukua daftari lake moja. Sasa tunaandika wawili. Yeye anaandika haraka. Mimi naandika vizuri.

Haya, balaa lenyewe. Hiyo sayansi ni ya konokono.

Nilidhani dawa. Au nyota. Au basi angalau mamba. Konokono! Asubuhi kavaa mabuti, kashuka bondeni kwenye kijito, kapiga magoti kwenye majani mabichi kama anayeomba msamaha. Fundi Saa akapita. Fundi Saa ni jirani yangu, anatengeneza saa za watu, na ya mkononi mwake imesimama tangu nimjue. Naye akasimama. Akatazama. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kufika barabarani: Mzee Brashi, huyo ndiye mwanasayansi wako? Mbona kama kapoteza hereni?

Nikamjibu papo hapo. Akili yangu haijawahi kuchelewa kazini. Nikasema anatafuta dawa ya magoti, inatoka kwenye ute wa konokono, na asimwambie mtu, ni siri.

Fundi Saa akafunga mdomo. Nimemweza!

Alhamisi, 3 Aprili

Watu mlangoni kabla ya chai. Wote wana magoti.

Wa mbele ni Mama Cherehani, mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Kakunja gauni, anauliza ute huo unapakwa au unanywewa. Nyuma kabisa Fundi Saa, mikono mgongoni, anacheka kwa mabega. Siri gani hiyo aliyoitunza! Mtu kama yeye ukimpa siri asubuhi, mchana unaikuta sokoni imepangwa mafungu.

Binti yangu akatoka na mswaki mdomoni. Aliwaeleza kwa upole, mmoja mmoja, kwamba hakuna dawa, na kwamba konokono wa bonde hili wana ute wa kawaida. Mama Cherehani akaondoka akisema goti lake limezidi kuuma kwa kusimamishwa bure, na kwamba mzee mzima hovyo. Kisha binti akanigeukia. Ana namna ya kunitazama ya mama yake, kama mtu anayengoja ukuta ukauke.

Jioni, kwa kuwa ana moyo mzuri (wa upande wangu), akanieleza kazi yenyewe. Anaokota konokono kwenye sehemu yake kijitoni. Kila mmoja anamtia doti nyeupe ya rangi ya kucha mgongoni. Anawarudisha majanini, anawaacha wiki nzima wachanganyike na wenzao. Halafu anaokota tena, bila kuchagua. Akikuta wengi wana doti, maana yake konokono wa bonde ni wachache, karibu wote alishawapaka. Akikuta mmoja hapa, mmoja kule, maana yake ni wengi, na wale wake wamemezwa na umati.

Nikamuuliza, yaani unahesabu na ambao hujawaona? Akasema ndiyo, Baba, hiyo ndiyo kazi yote, kuwahesabu usiowaona bila kudanganya.

Nilitaka kucheka. Kicheko kikagoma. Nimelifikiria hilo neno hadi chai ikapoa.

Lakini doti zenyewe! Akanionyesha konokono wawili ndani ya kopo. Aibu ya ukoo! Doti moja imechuruzika hadi ubavuni. Nyingine ni kinyesi cha kunguru. Nikamwambia mwanangu, hivi sivyo tunavyopaka. Akasema konokono si ukuta, Baba. Nikasema hata ukuta haujijui kwamba ni ukuta, anayeupa heshima ni fundi. Akacheka hadi akaegemea mlango. Sikumbuki mara ya mwisho mlango ule kuegemewa.

Jumapili, 6 Aprili

Jumapili binti hafanyi kazi. Badala yake anapanda mlima. Bure! Juu hakuna kitu. Hakuna mtu anayemngoja. Anapanda, anakaa, anashuka, anaita mapumziko. Mimi nimepanda juu maisha yangu yote na nililipwa.

Sikuwa na nia ya kwenda. Lakini asubuhi Fundi Saa kaja na kofia, fimbo na chupa ya maji, kumbe kaalikwa. Wiki hii kamwazima binti kile kioo chake cha kubana jichoni, anachotazamia matumbo ya saa, ili aone vizuri magamba ya konokono. Sasa anajiita msaidizi wa utafiti. Na binti anamwita Baba Mdogo! Mdogo wa nani? Hatuna naye tone la damu. Nikavaa viatu vyangu vya harusi, nikasema naongoza mimi.

Niliongoza hadi penye kilima cha kwanza. Baadaye nikawaachia mbele ili nilinde nyuma. Mara kadhaa nilikaa kuchunguza mawe. Fundi Saa naye akawa mpenzi wa mawe ghafla, pumzi inamtoka kama filimbi ya mwamuzi. Tulipotazamana hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Tukachunguza jiwe moja pamoja muda mrefu tu. Jiwe zuri.

Juu kule binti akakaa kwenye majani, miguu kanyoosha. Fundi Saa akalala papo hapo, kofia usoni. Nikauliza tunangoja nini. Binti akasema hatungoji kitu, Baba, tumekaa tu. Nikakaa tu. Kazi ngumu! Mikono haina pa kwenda. Unaanza kusikia upepo, halafu unaanza kusikia unachofikiri.

Nikaliona paa la nyumba yangu. Dogo kama kibiriti. Kutoka kule ungedhani hamna mtu ndani. Na kweli hamkuwa na mtu, nilikuwa mlimani. Ila nikawaza zile siku nyingine, ninapokuwa ndani. Kutoka juu kule paa linaonekana vilevile.

Nikamuuliza binti, kwa sauti ya mtu anayeulizia misumari, kazi yake inakwisha lini. Akasema Alhamisi anaokota mara ya pili. Wakiwa wengi, kazi imekwisha, Ijumaa asubuhi anapanda basi. Wakiwa wachache, itabidi akae hapa hadi mvua ziishe, ajue kinachowamaliza.

Nikasema Ijumaa ni vizuri, nyumba ipate kupumua. Akasema sawa, Baba. Akachuma jani, akalichana vipande vidogo vidogo.

Wakati wa kushuka magoti yangu yalitamani huo ute. Lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Wengi wenye doti, maana yake konokono ni wachache. Wakiwa wachache, anakaa.

Na nani katika mji huu anajua kupaka?

Jumatatu, 7 Aprili

Nimenunua rangi ya kucha. Hata vita vya kweli ni vidogo kuliko hivi.

Anayeuza ni Mama Cherehani, pamoja na uzi na vifungo. Bado ana kinyongo cha goti. Akauliza kwa sauti ya mnada, nyeupe ya nani, Mzee? Jibu nilishaliandaa tangu jana. Nikasema ni yangu, nina ugonjwa wa kucha, nimeambiwa niifunike isipigwe na hewa. Safi kabisa. Ila pazia la nyuma likafunguka, akatoka Fundi Saa akiwa ameshika suruali inayongoja kiraka. Akasema kucha ipi hiyo, bwana, hebu tuione. Nikasema kesho. Akasema basi siku akipata nafasi atakuja kunipa pole.

Kwa hiyo nimelazimika kupaka kidole gumba cha mguu wa kulia, uongo upate ushahidi. Nimekipaka mkono wa kwanza wa rangi, nikangoja, nikakipaka mkono wa pili. Kusema kweli kimependeza.

Njiani nilifanya jambo jingine. Lazima nieleze kuhusu mstari wangu. Kila ukuta niliopaka, nilimalizia chini kabisa kwa mstari mmoja mwembamba, shubiri moja kutoka ardhini, umenyooka kama neno la mtu mkweli. Hakuna aliyeniomba. Hakuna aliyenilipa. Nilipaka kwa sababu kazi lazima ijue imetoka kwa nani. Zamani ungeweza kutembea mji huu kwa kufuata mstari wangu, usipotee.

Leo nikautafuta. Kwenye duka la Fundi Saa upo, umefifia lakini umenyooka kuliko mwenyewe. Nyuma ya zahanati upo. Halafu nikaenda mtaa mzima, vigae, vioo, mabati, matangazo, hakuna. Nikatazama kona hadi kona. Bila kutaka, nikajikuta napiga hesabu ya binti yangu. Wenye alama wachache, basi umati ni mkubwa. Mji umekuwa mkubwa mno, nami nimemezwa humo.

Sikuipenda hesabu hiyo. Nikakaza mwendo nyumbani.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeanza kazi. Jua halijachomoza vizuri, majani yamelowa. Binti alinikuta navaa viatu, nikamwambia nimeanza mazoezi kama yeye. Akafurahi! Akasema Baba, kumbe mlima umekuingia. Roho ikaniuma kidogo. Ikapita.

Konokono ndiye mteja bora niliyewahi kuwa naye. Hasimami nyuma yako. Hakwambii rangi hii sivyo tulivyokubaliana. Ila anajificha. Ukimgusa, anarudi ndani ya nyumba yake na kufunga, nawe unalala kifudifudi kwenye tope unamngoja. Huwezi kumharakisha. Kwanza inatoka pembe moja, inapima hewa. Halafu ya pili. Halafu uso, kama mtu anayechungulia kuona wageni wameondoka. Mimi nikiwa na mgeni wa kugonga mlango ninafanya vivyo hivyo.

Rangi haishiki penye maji, kwa hiyo nilimkausha kila mmoja kwa pindo la shati na kumpuliza. Kile kibrashi cha chupani nikakitupa, takataka. Nikatumia brashi yangu ndogo kuliko zote, ile ya nukta za mabango. Doti mviringo, katikati ya mgongo, ukingo safi. Mgongo unauma. Lakini mkono haujasahau!

Sikuweka mstari. Nilijizuia. Kazi ya siri haina saini.

Wa mwisho nikamwekea. Mmoja tu. Alikuwa na gamba zuri, kubwa, limetulia. Mstari mwembamba chini ya doti, kuzunguka. Nani atauona?

Jumatano, 9 Aprili

Nimewawekea wote.

Naeleza. Asubuhi nimeshuka, nikamkuta yule mwenye mstari juu ya jiwe, anang'aa kama jengo jipya. Wenzake pembeni wakaonekana kazi ya mwanafunzi. Si haki. Siwezi kuacha kazi nusu na kwenda kunywa chai. Nikawatafuta wote wa jana, na wengine wapya, kila mmoja doti na mstari. Hakuna kilichochuruzika. Hata kimoja!

Nikiwa nimelala chali nipumzishe mgongo, kiatu nimevua, Mama Cherehani akatokea njia ya kijitoni na ndoo. Akapiga ukelele. Akaita, Mzee! Umekufa?

Nikasema bado.

Akauliza basi nafanya nini kwenye tope. Nikasema mazoezi ya tumbo. Akanitazama tumbo. Akakitazama kidole cheupe cha mguuni. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya hospitali. Akasema pole sana, Mzee, kukaa peke yako si kitu kidogo. Akaniambia jioni atatuma uji.

Uji! Mimi! Nikamwambia sikai peke yangu, ninakaa na mwanasayansi.

Akasema hadi Ijumaa.

Nikarudi kukausha konokono.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo naandika polepole.

Binti alirudi bondeni adhuhuri na makopo yake, akamwaga konokono kwenye sinia mezani, akaanza kutenga. Mwenye doti huku, asiye na doti kule. Mimi nikakaa dirishani najitia hamnazo, namenya chungwa. Upande wa doti ukajaa. Ukafurika. Nikaona mpango umekaa sawasawa, nikajipongeza kimoyomoyo.

Kisha nikamwona uso wake. Aliweka kalamu chini. Akasema, Baba, mbona wamebaki wachache hivi? Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema kuna kitu kinawamaliza na yeye hakukiona, mwaka jana alipopita hapa walikuwa tele, labda maji, labda sumu ya mashambani, labda amechelewa.

Sikuwa nimelipangia hilo. Nilifikiria kwamba atakaa. Sikufikiria kwamba atakaa akiwa na huzuni.

Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, na sasa hakuna atakayejua, maana mlango ukagongwa akaingia Fundi Saa, anataka kioo chake, ana saa ya mteja. Binti akampa. Na yeye, kwa sababu ana kiherehere cha kuzaliwa nacho, akakibana jichoni akachukua konokono mmoja kutoka kwenye sinia. Akamgeuza. Akamsogeza kwenye mwanga. Akasema taratibu, mwanangu, huyu konokono wako ana mstari.

Binti akasema mstari gani, Baba Mdogo?

Akasema mstari huu nauona kila siku nikifungua duka.

Nikazidi kumenya chungwa langu. Fundi Saa akageuka na kile kioo bado jichoni, jicho moja kubwa kama la bundi, akasema Mzee Brashi, vua kiatu.

Nikakataa. Nikasema nina ugonjwa. Binti akasema, vua kiatu, Baba. Nikavua. Kidole gumba, cheupe, mviringo safi. Na chini ya kucha, mstari. Sikumbuki niliuweka lini. Mkono ulienda wenyewe.

Nilingoja ngurumo. Binti hakunguruma. Alisema neno moja tu la kuniuma. Alisema, ningeandika uongo, Baba, na kuweka jina langu chini yake. Na nusu ya jina hilo ni lako.

Halafu akavuta sinia na kuanza upya. Wangu akawaweka pembeni, pamoja na wale ambao hawajawahi kupakwa, kana kwamba sikuwahi kuwagusa. Wake peke yao. Ilikuwa rahisi mno! Wangu unawajua kutoka mlangoni. Fundi Saa akamshikia kioo wale wenye utata, lakini hapakuwa na wenye utata. Kilichochuruzika ni chake. Kilichonyooka ni changu. Alipomaliza, upande wa doti zake ulikuwa na konokono wa kuhesabika kwa vidole.

Wako wengi. Bonde limejaa. Hakuna kinachowamaliza.

Ndipo akacheka. Alicheka akafuta macho kwa kiwiko. Akasema, Baba, ungepaka vibaya kidogo tu, ungenishinda.

Kicheko kilipoisha akaniuliza kwa nini. Nikamjibu nilitaka kupima kama sayansi yake ni imara. Nimekuta ni imara. Nikampa hongera na mkono.

Hakuushika mara moja. Akasema, ungesema tu, Baba.

Nikauliza, kusema nini?

Akangoja. Ule ungojaji wa ukuta. Fundi Saa, mara moja katika maisha yake, akatazama saa yake iliyosimama, akasema amechelewa, akatoka.

Nikamwambia binti chai inapoa.

Ijumaa, 11 Aprili

Ameondoka na basi la asubuhi. Nilibeba begi lake mwenyewe hadi kituoni. Zito. Nikamwambia mbona jepesi.

Kituoni akasema mwisho wa mwezi ana Jumapili tupu. Hana kazi huku, hana konokono, hana lolote. Mlima tu. Akanitazama. Nikasema mlima hauendi popote, ila magoti yangu ni ya kuulizwa. Akasema basi atapiga simu ayaulize. Akanikumbatia kwa nguvu, begi likagonga ngazi ya basi. Akapanda.

Mama Cherehani kanipa uji njiani bila kuniuliza. Nimeupokea kwa adabu tu.

Nyumbani nikamimina chai vikombe viwili. Mazoea. Nikanywa vyote, sipendi kupoteza.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua asubuhi. Baadaye nikatoa kiti nje, nikakaa natazama mlima. Nimekaa tu. Nimeanza kuiweza hiyo kazi, ingawa si kazi ya kusifia.

Mchana binti akapiga simu kuuliza magoti. Nilikuwa tayari. Nikasema mabaya sana, yamevimba, labda mtu aje ayaone. Werevu! Akasema pole, Baba, basi mwisho wa mwezi tusipande, upumzike kabisa, nitakuja ukipona.

Nikasema haya.

Kesho nitapona. Nimeshapanga. Nitampigia niseme nimepaka ute wa konokono, magoti yote mawili yamekaa sawa, sijaona dawa kama hiyo. Fundi Saa atathibitisha. Nikimwomba asimwambie mtu, itakuwa imefika kwa binti kabla ya simu yangu.

Nimefikiri pia kosa la wiki ile lilikuwa wapi. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa ubora. Binti alisema mvua za mwakani mtu atatumwa tena kuhesabu, labda yeye, labda mwingine. Wakikuta hesabu haielewiki, watamtuma nani kama si yule anayelijua bonde? Na atakaa. Lakini safari hii doti ziwe kama zake, asizitenge.

Kwa hiyo tangu mvua ikatike nimeokota mawe madogo kijitoni, nimeyapanga kwenye ngazi ya jikoni, najifunza kupaka vibaya. Ile ya kuchuruzika. Ile ya kunguru. Nimefumba macho, nimetumia mkono wa kushoto, nimekohoa makusudi katikati ya kazi. Haiwezekani! Kila moja inatoka mviringo, ukingo safi. Mkono umeshazeeka na heshima yake.

Moja tu ilitoka mbaya. Mbaya sawasawa, imelegea, imechuruzika hadi ubavuni. Nikaruka kwa furaha. Nikaisogeza karibu na macho. Haikuwa yangu. Ni jiwe lake, alilojaribia rangi siku ile ya kwanza, akalisahau hapo ngazini.

Nimeliweka mfukoni. La kuiga.

Haya yote ni kweli tupu. Asiyeamini amuulize Fundi Saa, ingawa atajiweka mbele. Au Mama Cherehani, aliyeniona kwenye tope na akathibitisha kwa macho yake kwamba sijafa. Au ashuke bondeni mvua ikikatika, atafute konokono mwenye mstari. Yupo. Hata akienda mwendo gani, mstari umenyooka.